Vuta Juu, Usisukume Chini: Majibu Kuhusu Misuli ya Nyonga

Barua za mwezi huu zimetoka Likoni, Majengo, Kisauni na Mji wa Kale, na karibu zote zinaomba jina lifichwe. Majina tumeyaficha. Jambo lenyewe tutalisema waziwazi, maana wanawake wengi wameambiwa kwamba mkojo kuwatoka ndiyo hali ya mtu aliyezaa, wakalivumilia kwa miaka jambo lenye tiba.

Nina miaka 34 na watoto watatu. Nikikohoa, nikicheka au nikiinua mtungi wa maji, mkojo hunitoka. Hata kuinuka kutoka sijda nina wasiwasi. Nesi aliniambia niwe nabana. Nimebana miezi miwili, sioni tofauti. — Mama Watatu, Likoni

Pole, dada. Usiache, lakini kwanza tujue unabana nini.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Kamba zikilegea, kitanda hubonyea katikati. Ukikohoa, mgandamizo wa tumbo hushuka wote pale palipobonyea, na mkojo hupata njia.

Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kukaza makalio na mapaja, kuzuia pumzi, kisha kusukuma chini akidhani anabana. Huyo anakilemea kibofu mara nyingi kwa siku. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwaacha wanawake wabane gizani. Alitumia kifaa cha kupima mkazo ili kila mmoja aone kama anapatia. Mazoezi yakaenea dunia nzima, kupima kukasahaulika.

Nyumbani, kioo kidogo kinatosha. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage kitanda. Bana nyuma kama unayezuia upepo usitoke, kisha vuta kuja mbele kama unayezuia mkojo. Tazama sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa: inatakiwa iingie ndani na kuinuka. Ikitokeza nje, unasukuma. Unaweza pia kuingiza kidole kisafi ukeni hadi kiungo cha pili. Kikumbatiwe na kuvutwa juu. Makalio yabaki laini. Hesabu kwa sauti, kwani anayeweza kusema hajazuia pumzi.

Ukishapatia, shikilia kwa sekunde unazoziweza, hata kama ni 3. Achia kabisa, pumzika kwa muda uleule au zaidi, rudia mara 8. Malizia na mibano 8 ya haraka, kila mmoja ukiuachia mpaka mwisho. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ukiongeza sekunde taratibu hadi 10. Anza ukiwa umelala, uhamie kukaa, kisha kusimama, kwa sababu mkojo hukutoka ukiwa umesimama. Hesabu miezi 3 kamili kuanzia siku ulipopatia; ile miwili ya nyuma isikuvunje moyo. Na usijizoeze kwa kukata mkojo chooni. Mara moja kwa kujijaribu si neno, lakini ukiwa mtindo, kibofu huzoea kutomaliza.

Halafu kuna jambo dogo ambalo huleta nafuu mapema kuliko yote: bana *kabla*. Kikohozi kikikujia, bana kwanza ndipo ukohoe. Kwa sijda, bana, toa pumzi, inuka. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Kwa miezi hii beba lita 10 kwa 10. Usogeze karibu na mwili, bana, kisha toa pumzi unapouinua.

Mimi sivuji nikikohoa. Shida yangu ni haraka. Nikifika mlangoni, ufunguo mkononi, mkojo hausubiri. Nimepunguza maji, na kila ninapotoka nyumbani naenda msalani kwanza, hata kama sina haja. — Ghorofa ya Tatu, Majengo

Hapo kibofu kinajikaza kabla hakijajaa, na hizo hila mbili zinakizidishia. Mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji hukiwasha, na kwenda msalani "kwa tahadhari" hukifundisha kudai kikiwa na kiasi kidogo tu. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba takriban mililita 300 hadi 500.

Andika kwa siku 3: saa uliyokunywa, ulichokunywa, saa uliyokojoa, na kiasi, ukikipima kwa kikombe chenye alama. Ukiona unaenda kila baada ya saa moja, anza na saa moja na dakika 15. Ukizoea, baada ya kama wiki moja, ongeza 15 nyingine, mpaka ufike saa 3 au 4. Haja ikikujia kabla ya muda, usikimbie. Simama au kaa, bana haraka mara 5 au 6, pumua taratibu, ngoja wimbi lipite, ndipo utembee. Pale mlangoni fanya vivyo hivyo kabla hujatoa ufunguo mkobani. Maji kunywa lita moja na nusu hadi 2 kwa siku, na zaidi joto la Pwani likikutoa jasho. Kahawa tungu na chai ya rangi za jioni zipunguze kwa wiki 2 uone. Kabla ya yote, pima mkojo, maana maambukizi na kisukari huleta dalili kama hizi.

Binti yangu yuko ndani ya arubaini. Namfunga tumbo kwa leso kama tulivyofungwa sisi. Analalamika kuna uzito chini, kama kitu kinataka kutoka. — Bibi Mwenye Mjukuu, Mji wa Kale

Bibi, leso si haramu, shida ni inavyokazwa. Ukiikaza juu, chini ya mbavu, tumbo lote husukumwa chini kwenye misuli ambayo imetoka kunyooshwa na kichwa cha mtoto. Anza kufunga chini kwenye nyonga, upande juu kwa wepesi, vidole viwili vipite kati ya leso na ngozi. Akisema uzito umezidi, mfungue siku hiyohiyo.

Uzito huo ni wa kawaida wiki za mwanzo, ila usibaki bila kuangaliwa. Asingoje kliniki ya wiki 6 kama anaona au kugusa uvimbe ukeni. Kizazi au kibofu kilichoshuka kidogo hupata nafuu kwa mazoezi, na kwa wengine daktari huweka pete laini ya silikoni inayokibeba.

Kufunga choo ndiko adui mkubwa hapa. Apate maji, mboga na papai. Akikaa kwenye choo cha kukalia, miguu iwe juu ya kigoda chenye urefu kama wa mbuzi ya kukunia nazi, magoti yapande kuliko nyonga, viwiko juu ya magoti, atoe pumzi kama anayepuliza chai ya moto. Asikamue.

Lakini mkojo ukimchuruzika usiku na mchana bila kukatika baada ya uchungu mrefu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Tendo la ndoa linaniuma kama kisu. Nilisoma mtandaoni nibane, nikabana, maumivu yakazidi. — Bi Harusi, Kisauni

Acha kubana leo, dada. Misuli yako huenda haikulegea kamwe, na msuli uliokaza kutwa huuma kama bega la mtu aliyebeba mzigo. Wewe unahitaji kufundishwa kuachia. Lala ubavu, mto kati ya magoti. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo lijae, na uisikie nyonga ikifunguka chini yake, toa taratibu. Dakika 5, mara 2 kwa siku. Kisha mwone daktari wa wanawake, maana maambukizi, kovu na magonjwa ya kizazi pia huleta maumivu.

Ukitumwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli kwa mazoezi, awe na leseni ya baraza la taaluma hiyo hapa Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Una haki ya kutaka mwanamke, na hakuna anayeruhusiwa kukupima ndani bila idhini yako.

Nitafanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume. Je, haya yanatuhusu wanaume? — Mzee wa Baraza, Likoni

Yanakuhusu sana, mzee wetu, na bora uanze sasa kabla ya upasuaji. Simama mbele ya kioo: ukibana sawasawa, uume hujivuta kidogo kuelekea mwilini na korodani huinuka. Mpira wa mkojo unaowekwa wakati wa upasuaji ukiwa bado ndani, usibane. Ukishatolewa, anza tena. Kuvuja mwanzoni ni kawaida, na jioni huzidi kwa kuwa misuli imechoka, basi yagawe mazoezi mchana kutwa. Siku ya kutolewa mpira, nenda na pedi na suruali ya akiba mfukoni.