Ukishindwa Kwenye Gemu, Jiulize Kwanza Umeshindwa na Nini

Miaka michache iliyopita nilirudia Ghosts 'n Goblins, gemu ya mwaka 1985 niliyoicheza utotoni bila kuimaliza, nikiamini kwamba uzoefu wa miaka yote iliyopita katikati ungenirahisishia kazi. Jioni tatu zilipita nami sijavuka hatua ya pili, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya mwanafunzi bali ya mtu anayehisi amedhulumiwa. Wakati huohuo nilikuwa nikicheza Sekiro ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa imenishinda mara nyingi zaidi, tena kwa adui mmoja tu, na kila nilipoanguka nilitaka kusimama tena mara moja. Gemu zote mbili zinasifiwa kwa ugumu, lakini moja ilinichosha na nyingine ilinivuta. Tangu hapo nimekuwa nikichagua gemu, na kiwango cha ugumu ndani ya gemu, kwa namna tofauti kabisa, na ndiyo namna ninayotaka kuieleza hapa.

Kwanza ni vizuri kujua ugumu wa zamani ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Katika mashine za sarafu, zile za kumbi za michezo ambazo mtu alilipia kila anapocheza, mchezaji aliyekaa nusu saa kwa sarafu moja alikuwa hasara kwa mwenye mashine, kwa hiyo mchezo ulipaswa kumwangusha mapema, ila si mapema kiasi cha kumkatisha tamaa ya kutoa sarafu nyingine. Ndani ya mashine nyingi mlikuwa na swichi ndogo ambazo mwenye mashine alizitumia kupanga idadi ya maisha na ukali wa maadui, hivyo watu wawili waliojisifu kwa mchezo mmoja huenda hawakuwa wamecheza kitu kilekile. Kuna hata ugumu uliozaliwa na uwezo mdogo wa mashine yenyewe. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua kwa sababu kompyuta iliyokuwa ndani ilibaki na vitu vichache zaidi vya kuchora, na mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, alipoona jambo hilo linaongeza msisimko akaliacha lilivyo.

Gemu zilipohamia nyumbani sarafu ziliondoka, lakini tabia ile ikabaki, na sababu mpya ikajiunga nayo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilienea katika kilobaiti 40 tu, na mchezaji stadi anayetumia njia za mkato huimaliza chini ya dakika tano. Gemu ndogo namna hiyo ingemtoshaje mnunuzi kwa miezi kadhaa, kama si kwa kumrudisha mwanzo kila anapokosea? Nyingi hazikuwa hata na uwezo wa kuhifadhi ulipofikia. Tena watengenezaji wenyewe walijua uzito wa walichokuwa wakikitengeneza: Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia toleo la nyumbani la gemu ya Gradius lililotoka mwaka 1986, aliona mchezo ni mgumu mno kwake kuujaribu, akaingiza mfuatano wa siri wa vitufe unaompa mchezaji silaha zote, mfuatano ambao baadaye ulipata umaarufu katika gemu nyingine, Contra, kwa kutoa maisha 30. Naukumbuka mfano huu kila ninaposikia mtu akisema kwamba wachezaji wa zamani walikuwa imara na wa sasa ni dhaifu. Toleo la kwanza la Super Mario Bros. 2, lililotoka Japani mwaka 1986, lilionekana gumu mno kwa wachezaji wa Marekani, ambao mwaka 1988 walipewa mchezo mwingine kabisa kwa jina hilohilo.

Kilichobadilika baadaye, kwa maoni yangu, si ujasiri wa wachezaji bali mapatano kati yao na watengenezaji. Mtu aliyelipa mara moja kwa gemu yenye saa nyingi za hadithi anatarajia kuufikia mwisho wake, na mtengenezaji aliyefanya kazi miaka kadhaa hataki nusu ya kazi hiyo isionekane. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilikuwa ikilegeza au kukaza maadui kimyakimya kulingana na hali ya mchezaji. Mwaka 2009 ulitoa majibu mawili yanayopingana: New Super Mario Bros. Wii ilimletea mchezaji aliyekufa mara nane katika hatua moja kisanduku cha kijani ambacho humwita Luigi, ndugu yake Mario, amwonyeshe njia, ilhali Demon's Souls haikutoa kabisa chaguo la kupunguza ugumu. Yote mawili yalipendwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema gemu zimekuwa rahisi. Zimegawanyika, na kila moja inadai aina yake ya subira.

Kosa langu katika Sekiro lilitokana na kutoliona hilo. Nilikuwa nimetoka katika Dark Souls ya mwaka 2011, ambako kubiringika na kujitenga na adui huokoa maisha, nikaenda kukutana na Genichiro, yule adui aliyenishinda mara nyingi, juu ya ngome nikiwa na mazoea yaleyale. Kila nilipokimbia nilimpa nafasi ya kupumua na kurejesha uthabiti wake, yaani uwezo wa kustahimili mapigo bila kuyumba, na mimi nikaendelea kumlaumu mtengenezaji. Nilibadilika siku nilipochukua karatasi na kuandika, baada ya kila kifo, sentensi moja inayoeleza kilichoniua. Sentensi ya kwanza hadi ya saba zilisema jambo moja: nilirudi nyuma. Nilipoamua kusimama karibu naye na kupangua mapigo yake kwa upanga, kama gemu ilivyokuwa imenifundisha tangu mwanzo, pambano lile likawa na mdundo ninaoweza kuufuata, na jioni hiyohiyo nikashinda.

Nakushauri ufanye zoezi hilo kabla ya kugusa kiwango cha ugumu. Ukiweza kueleza umekufaje na ungefanya nini badala yake, gemu inakufundisha, hata kama somo ni kali, na inafaa kuvumiliwa kidogo. Ukishindwa kueleza, au maelezo yakawa kwamba adui alitokea ardhini ulipokuwa umesimama na hukuwa na dalili yoyote, basi unacholipa ni muda wako tu, na hakuna heshima inayopotea ukipunguza ugumu. Vivyo hivyo, usianze na kiwango cha juu kabisa katika gemu usiyoijua, kwa sababu mara nyingi kiwango hicho huongeza uhai wa maadui bila kuwaongezea akili, nawe hurudia pigo lilelile mara nyingi zaidi. Anza na kiwango cha kati, cheza saa mbili au tatu, kisha amua.

Misaada iliyomo ndani ya gemu nayo iheshimiwe. Celeste ya mwaka 2018 inakuruhusu kupunguza kasi ya mchezo wote au kucheza bila kufa. Hades ya mwaka 2020 ina hali inayopunguza madhara unayopata kwa asilimia 20, kisha kwa asilimia 2 zaidi kila unapokufa, hivyo unaendelea kujifunza huku mzigo ukipungua taratibu. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona, kusikia au viungo, na mtu anayewabeza wanaoitumia anawafungia mlango wachezaji ambao zamani hawakufikiriwa hata kidogo. Mimi hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, nikianza na kasi, kwa kuwa macho na vidole vyangu vya sasa si vile vya utotoni, nami nataka kujua ni kipi hasa kilichohitaji msaada.

Kwa gemu za zamani, matoleo mengi ya sasa yanakuwezesha kuhifadhi popote. Nilirudi kwenye Ghosts 'n Goblins nikiwa na sharti moja: nahifadhi mwanzoni mwa kila hatua tu, kamwe si katikati ya pambano, ili njia ya kila hatua niijifunze mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Hatua ya pili ilinichukua jioni moja. Wiki mbili baadaye nilimaliza mzunguko wa kwanza, gemu ikanitaka, kama inavyomtaka kila mchezaji, niirudie yote tangu mwanzo ili niuone mwisho wa kweli. Nilizima mashine. Kila nilichotaka kujifunza humo nilikuwa nimekwisha kujifunza, na mzunguko wa pili sijaugusa hadi leo.