Wasomaji Wanauliza: Mlangobahari wa Bering

SWALI: Nasikia wakati wa baridi bahari kati ya Urusi na Marekani huganda hata mtu akaweza kuvuka kwa miguu. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huganda kweli, ila usidhani ni sakafu moja iliyotulia. Kutoka Rasi Dezhnev, Urusi, hadi Rasi Prince of Wales, Alaska, ni kilomita zipatazo 85. Usawa wa Pasifiki uko juu kidogo kuliko wa Aktiki, kwa hiyo mkondo hupita hapo ukielekea kaskazini muda mwingi wa mwaka. Upepo wa majira ya baridi nao mara nyingi hutoka kaskazini. Barafu, ikivutwa huku na kusukumwa kule, hupasuka. Vipande hupandana kama vichuguu, na katikati yake hufunguka mifereji ya maji meusi. Unaweza kulala juu yake usiku ukaamka uko pengine kabisa, maana barafu uliyoilalia imesafiri nawe.

Machi 2006 Mwingereza Karl Bushby na mwenzake Dimitri Kieffer walivuka wakitokea Alaska. Iliwachukua kama wiki mbili, wakiwa na mavazi yasiyopitisha maji ili waogelee pale barafu ilipokatika. Walipofika Chukotka, upande wa Urusi, walinzi wa mpaka waliwakamata, kwa kuwa hawakuingia kupitia kituo rasmi. Viza haisaidii mahali pasipo na wa kuigonga muhuri.

SWALI: Imekuwaje visiwa viwili vinavyoonana viwe na tarehe mbili? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Ni visiwa vya Diomede, katikati ya mlango huu. Diomede Kubwa ni ya Urusi, Diomede Ndogo ni ya Marekani, na kati yao hazifiki kilomita 4. Mpaka uliwekwa na mkataba wa 1867, Urusi ilipouza Alaska kwa dola milioni 7.2. Mstari wa tarehe, ambao ukiuvuka siku hubadilika, nao unapita hapo hapo. Wakati wa baridi, Diomede Ndogo ikiwa saa sita mchana Jumatatu, Diomede Kubwa ni saa tatu asubuhi Jumanne: tofauti ya saa 21. Alaska ikisogeza saa mbele wakati wa kiangazi, hubaki 20. Kwako Eldoret, saa sita yao hiyo ya mchana ni saa sita usiku wa kuamkia Jumanne.

SWALI: Watu wa kwanza wa Amerika walipita kwenye daraja la barafu? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Hapana, na wengi hukosea hapa. Walipita kwenye nchi kavu. Siri yote iko kwenye kina: mlango huu una mita 30 hadi 50 tu. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yamekwama kwenye barafu za nchi kavu, na bahari ilikuwa imeshuka kwa mita zipatazo 120. Sakafu ikaanikwa, ikawa nyika ya nyasi na upepo mkali, yenye upana wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kaskazini hadi kusini. Wataalamu huiita Beringia. Maji yaliifunika tena miaka ipatayo 11,000 iliyopita.

Ardhi hiyo ilikuwa imezama na kuibuka mara nyingi kabla ya hapo, na njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mamothi, tembo wa kale wenye manyoya, walitoka Asia. Ngamia nao walikwenda upande wa pili: unayemwona leo sokoni Isiolo, mababu zake walitokea Amerika Kaskazini.

SWALI: Bering ndiye aliyeugundua? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hakuwa wa kwanza kuupita. Mrusi Semyon Dezhnev aliupita kwa mashua mwaka 1648, ila ripoti yake ilikaa kwenye makabati ya mji wa Yakutsk, Siberia, hadi mwanahistoria Gerhard Müller alipoikuta mwaka 1736. Vitus Bering, Mdenmaki katika jeshi la majini la Urusi, alikuwa ameshapita mwaka 1728, na kwa ukungu hakuiona hata Alaska. Dezhnev alisubiri hadi 1898 ndipo rasi ile ya Urusi ikapewa jina lake.