Swali la lugha: Mkono wa nyuma, wa kulia, au "ufuatao"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha gofu hapa Arusha, watoto na watu wazima wanaoanza. Nimeandaa karatasi ya mazoezi kwa Kiswahili na sentensi moja imezua ubishi: "Usiruhusu mkono ufuatao kutawala swingi", yaani ule mwendo wa fimbo kupiga mpira. Mwenzangu anataka iwe "mkono wa kulia". Mwanafunzi mmoja naye kaniuliza huo mkono unafuata nini. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba. Mwanafunzi wako ameshika penyewe, tuanze na yeye.

"Ufuatao" ni neno la kuorodhesha: mfano ufuatao, mtihani ufuatao, mwezi ufuatao. Msomaji akikuta "mkono ufuatao" anasubiri nukta mbili na mchoro chini yake. "Unaofuata" lina unafuu kidogo tu, maana nalo tumezoea kulisikia kwenye "wiki inayofuata". Futa yote mawili.

Pendekezo la mwenzako lina mantiki. Wachezaji wengi husimama ubavu wa kushoto ukielekea bendera ya shimo wanalolenga, kwa hiyo mkono unaobaki nyuma fimbo inaposhuka ni wa kulia. Ndio mkono wanaolia chakula, wanaoandikia, wanaoshikia panga, na ndiyo sababu una pupa ya kufanya kazi yote. Ukiwa na mwanafunzi mmoja mbele yako na unamwona anavyosimama, sema "wa kulia" bila wasiwasi. Lakini karatasi haioni. Siku ikiangukia kwa mtu wa mashoto, utakuwa umemwamuru auzuie mkono ule ule unaopaswa kumwongoza. Na wachezaji wa namna hiyo si wa kubahatisha: Bob Charles wa New Zealand alitwaa taji la The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka 1963 akipigia upande wa kushoto, na Phil Mickelson, mshindi wa mataji makubwa sita, shughuli nyingine hufanya kwa mkono wa kulia ila gofu hupigia kushoto. Kwake yeye, mkono wa kuchungwa ni wa kushoto.

Wapo pia wanaosema "mkono wa chini", kwa kuwa ndio ulio chini pale mikono inaposhika mpini. Hapo tatizo ni neno mkono lenyewe. Kwetu mkono unaanzia begani hadi ncha za vidole, hivyo "mkono wa chini" mtu anaweza kuuelewa kuwa ni sehemu ya kutoka kiwiko kwenda kiganja. Mimi nisingeugusa.

Kinachobaki, na ndicho nachokushauri, ni mkono wa mbele na mkono wa nyuma. Kuna mtego mmoja. Mchezaji wa gofu humpa bendera ubavu, si kifua, na mtoto ukimwambia "mbele" atafikiria kule anakoangalia, ambako mikono yote miwili ipo. Kwa hiyo andika mara moja tu, juu kabisa ya karatasi: "Mbele ni upande wa bendera." Baada ya hapo maneno hayo mawili yatakubeba hadi ukurasa wa mwisho, kwa wa kulia na kwa mashoto sawasawa.

Sasa "kutawala". Kisarufi halina kosa, na mkono kutawala ni tamathali inayoeleweka. Ninachokilalamikia ni kwamba halimwambii mwanafunzi la kufanya. Atajuaje kwamba mkono umetawala? Ukiangalia kinachotokea uwanjani, kosa lenyewe ni la wakati: fimbo ikiwa juu, kabla kiuno hakijaanza kugeuka kuelekea bendera, mkono wa nyuma unachomoka na kusukuma. Bega la nyuma linatupwa nje, fimbo inaufikia mpira ikitokea nje kuingia ndani, na kwa anayepigia kulia mpira huanza kushoto, kisha mara nyingi hupinda kwenda kulia. Kiswahili kina kitenzi kinachoingia hapo barabara: kutangulia. Nilifikiria pia "kuwahi", lakini "mkono wa nyuma usiwahi" msomaji wa Kenya ataliona limekatika njiani, kwa sababu huko "usiwahi" ni katazo la daima linalosubiri kitenzi kingine: usiwahi kusema, usiwahi kurudi.

"Usiruhusu" nalo ni zito, kama vile mkono umeleta barua ya maombi. Tumia "kuacha", ila chunga kiambishi. "Usiache mkono" ni kumwambia mtu asiuachie mkono alioushika, kama unavyomkanya mtoto mnapovuka barabara. Unachotaka kusema ni "usiuache", wenye -u- ya mkono katikati, na kitenzi kinachofuata kiishie na -e: usiuache mkono wa nyuma utangulie. Mikono ikiwa miwili, inakuwa "usiiache". Hiyo -u- huwaponyoka hata waandishi wazoefu, nadhani kwa sababu masikioni inamezwa na irabu zilizoizunguka.

Hata hivyo sentensi ya katazo peke yake ni nusu ya fundisho, na hapa upana wa neno mkono unatudai tena. Mwambie mwanafunzi "legeza mkono" na mmoja atalegeza bega, mwingine vidole, na fimbo imruke. Taja kiungo. Kiganja, kifundo, kiwiko (Pwani utasikia pia kisugudi), kwapa, bega: vyote tunavyo. Ningeandika hivi:

"Usiuache mkono wa nyuma utangulie. Kiwiko chake kishuke karibu na ubavu kabla kiganja hakijasukuma fimbo."

Angalia "kabla kiganja hakijasukuma". "Kabla ya kiganja kusukuma" pia ni sahihi. Kisichokubalika ni kuvichanganya: "kabla ya kiganja hakijasukuma". Na kama karatasi ina zoezi la kupiga mipira ya umbali mfupi kwa mkono wa mbele peke yake, lieleze kwa amri za kawaida, bila "ruhusu" wala "tawala": shika kwa mkono wa mbele, weka wa nyuma kiunoni, piga taratibu.

Kuhusu "swingi", iache. "Bembea" ina kamba na watoto, na "mzunguko" unaahidi duara ambalo fimbo hailimalizi. Ipeleke ngeli ya i-/zi-, swingi yako, swingi zenu, na kama umeipigia mistari chini kwenye karatasi, ifute.