Kwa nini eksirei hutafutwa kwenye nyota pacha zenye miale ya gama
Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti hutafuta eksirei kwenye nyota pacha, yaani nyota na mwenziwe wanaozungukana, ilhali miale ya gama imekwishaonekana. Chukua HESS J0632+057, chanzo cha miale ya gama kilichogunduliwa na darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia na kutangazwa mwaka 2007. Darubini za gama hazibainishi mahali kwa usahihi mkubwa, hivyo setilaiti ya XMM-Newton ilipopata eksirei palepale ilipo nyota MWC 148, mshukiwa alijulikana. Kwa maoni yangu, kukutwa mahali pamoja hakukutosha. Kilichoniridhisha ni kwamba setilaiti ya Swift, baada ya kuufuatilia mng'ao huo wa eksirei kwa muda mrefu, ilionyesha kuwa hupanda na kushuka kila baada ya siku 320 hivi, ambao ndio muda wa nyota hiyo na mwenziwe kuzungukana.