Je, Buddha Alidai Kuwa Mungu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeona picha za watu wakiinama mbele ya sanamu za Buddha, lakini nimesikia pia kwamba yeye mwenyewe hakudai kuwa mungu. Alikuwa nani hasa, na alifundisha nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ulivyosikia ni kweli: hakudai kuwa mungu, wala mjumbe wa mungu. Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, yaani “Aliyeamka”, alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, kwenye ukoo wa watawala wa Washakya. Mapokeo yanasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 29 alimwacha mkewe, Yasodhara, na mtoto wao mchanga, Rahula, akaenda kutafuta namna ya kuyashinda mateso ya uzee, maradhi na mauti.

Kwangu mimi, ubinadamu wake unaonekana zaidi katika miaka sita iliyofuata. Alijifunza kwa walimu wawili, kisha akajinyima chakula hadi akabaki mifupa na ngozi, na mwishowe akatambua kwamba kujitesa hakukumfikisha alikokusudia. Akala, na wenzake watano waliokuwa wakijinyima pamoja naye wakamkimbia wakidhani amerudia anasa. Ni baada ya hapo ndipo alipopata mwanga, yaani kuuelewa ukweli aliokuwa akiutafuta, chini ya mti huko Bodh Gaya, na watu wa kwanza aliowafundisha, huko Sarnath karibu na Varanasi, ni wale wale watano. Aliwaambia kwamba maisha yamefungamana na mateso, kwamba chanzo cha mateso ni tamaa, kwamba mateso yanaweza kukoma, na kwamba ipo njia ya kuyakomesha, yenye sehemu nane, inayopita kati ya anasa na kujitesa. Njia hiyo mtu huipita mwenyewe; mwalimu huielekeza tu.

Alifundisha kwa miaka 45, akiwapokea watu wa matabaka yote, hata kinyozi Upali akawa bingwa wa kanuni za watawa. Alipokaribia kufa huko Kushinagar, akiwa na miaka 80, hakuteua mrithi, bali alimwambia mwanafunzi wake Ananda kwamba mafundisho yenyewe ndiyo yatakayokuwa mwalimu wao.

Kuhusu sanamu, wasanii wa kale wa India walimwakilisha kwanza kwa nyayo, gurudumu au mti, na sanamu zenye umbo lake zilienea karne nyingi baada ya kifo chake. Wabuddha wengi huinama mbele ya sanamu hizo kwa heshima na shukrani, ingawa katika matawi ya Mahayana, mojawapo ya mikondo mikubwa ya dini ya Kibuddha, wapo pia Mabuddha wengine, yaani wengine wanaoaminiwa kuwa walioamka, kama Amitabha, ambao waumini huwaomba msaada waziwazi.