Simu ya kukunja, inayokunjwa au inayokunjika?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika maoni yangu kuhusu simu zinazotarajiwa kutoka, vifaa vyake na programu zake, na kila mara nakwama kwenye maneno. Niandike simu ya kukunja, inayokunjwa au inayokunjika? Kupakua na kupakia, lipi la kushusha na lipi la kupandisha? Ni kava la simu au kava ya simu? Na kusema simu "imeingia maji" si kosa, maana kinachoingia ni maji? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wengi wanaoandika kuhusu simu huhangaika na majina: hili tuliiteje, lile tulitohoe au tulitafsiri. Majina yana nafasi yake na nitayafikia, lakini anayesoma maoni yako atakutambua kwa vitenzi. Jina unaweza kuliazima leo likazoeleka kesho. Kitenzi ukikinyambua vibaya, sentensi nzima inayumba.

Tuanze na kukunja. Maumbo yote matatu uliyotaja ni sahihi, ila hayasemi kitu kimoja. "Simu ya kukunja" ni jina la aina. Limejengwa kama kiti cha kukunja, meza ya kukunja au mwavuli wa kukunja, na ndilo la kutumia katika kichwa cha habari au orodha ya bei. "Inayokunjwa" inamwingiza mtu mwenye mikono, kwa hiyo inafaa unapoeleza matumizi au majaribio: Samsung ilipotoa Galaxy Fold mwaka 2019 ilisema muundo wake ulijaribiwa kwa kukunjwa na kukunjuliwa mara 200,000. Huwezi kuandika hapo "kukunjika mara 200,000" bila msomaji kudhani simu ilikuwa ikijikunja yenyewe. "Inayokunjika" inataja uwezo wa kitu: kioo hiki kinakunjika, kile hakikunjiki.

Angalia njeo, yaani wakati wa kitenzi, katika kauli hiyo ya kutendeka (-kunjika). Ikiwa na -na- au hu-, inasoma kama uwezo: "simu hii inakunjika." Ikiwa na -me-, inasoma kama tukio lililokwisha kutokea, na mara nyingi ni hasara. Mwambie fundi "simu yangu imekunjika" na ataitazama fremu akitafuta palipopinda kwa kukaliwa mfukoni. Ukikusudia kwamba umeifunga kawaida, sema imekunjwa. Ndivyo ilivyo kwa kukwaruza na kuvunja pia: kioo kisichokwaruzika kinasifiwa, kioo kilichokwaruzika kinapelekwa kubadilishwa.

Kuna kosa jingine limeingia tangu Huawei itoe Mate XT mwaka 2024. Utakuta imeandikwa "simu ya kukunja mara tatu." Hesabu bawaba: ni 2. Simu hiyo inakunjwa mara 2, na ikikunjuliwa inakuwa na pande 3. Andika "simu ya kukunja mara 2" au "simu ya pande 3", usichanganye. Nimetumia bawaba, neno lile lile la mlango, kwa kuwa kazi ni ile ile na hakuna sababu ya kulitafutia jina jipya. Ule mstari unaobaki katikati ya kioo uite mkunjo. Ukiwa mbaya zaidi, uite kunyanzi, kama za usoni.

Kinyume cha kukunja ni kukunjua, na hapa ndipo Kiswahili kilipo tajiri kwa habari za simu. Tuna kauli ya kutendua, inayogeuza kitendo kirudi kilikotoka kwa kuweka -u- kabla ya kiishio, au -o- pale ambapo shina lenyewe lina o. Chaja unaichomeka, kisha unaichomoa. Protekta unaibandika, ikichakaa unaibandua. Simu unaifunga kwa alama ya kidole na kuifungua kwa uso. Tundu la spika huziba kwa vumbi, fundi akalizibua. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji "kuanplagi" wala "kuanloku."

Chukua tofauti ya kubandua na kuvua, maana si mchezo. Kitu kilichogandishwa kwa gundi hubanduliwa, kitu kilichovalishwa huvuliwa: kava huvuliwa, protekta hubanduliwa. Hiyo Galaxy Fold ya 2019 ilicheleweshwa kuingia sokoni kutoka Aprili hadi Septemba, na sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu walibandua tabaka la plastiki la juu wakidhani ni protekta tu, kumbe ni sehemu ya kioo. Ukiandika maelekezo ya simu za namna hiyo kwa Kiswahili, "usiondoe" haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuondoa kava pia. Neno ni "usibandue."

Sasa kupakua na kupakia. Kupakia ni kuweka shehena chomboni iende mbali nawe. Kupakua ni kuitoa, na jikoni ni kuutoa wali chunguni kuuleta kwenye sahani yako. Ukikumbuka chungu hutakosea tena: faili liko kwenye seva, wewe unalipakua lije simuni. Picha yako ukiituma mtandaoni, unaipakia. Vijana husema kushusha na kupandisha. Si makosa, ila katika maandishi ya bidhaa kushusha hugongana na kushusha bei: "wameshusha programu" inaweza kusomwa kwa namna 2.

Kupakua si kusakinisha. Faili linaweza kuwa limepakuliwa na programu isiwepo. Kusakinisha kumetoka kwenye sakini, yaani kukaa, kuweka makazi, ndugu wa maskani: unaipa programu makazi ndani ya simu. Je, kinyume chake? Katika menyu za baadhi ya simu utaona "sanidua", umbo lililotengenezwa kwa kuipachika sanidi kiambishi cha kutendua. Linaeleweka, lakini linakwaruza sikio. Kutendua hukaa vizuri kwenye mashina ya Kibantu, mashina ya Kiarabu huvaa kiambishi hicho kwa shida. Hatusemi "hesabua" wala "safirua." Mimi ningeandika "ondoa programu", na kama data zake nazo zinakwenda, "futa." Kusasisha, kutoka sasa, nakubaliana nako moja kwa moja. Kuna wanaopendelea kuhuisha. Ni kitenzi kizuri, ila kwenye simu kina balaa lake: "huisha programu" ni amri, "simu huisha chaji" ni lawama, na kwa jicho la haraka yote mawili ni "huisha."

Nigusie eSIM, laini ya simu isiyotumia kadi ya kuchomeka, maana simu zinaelekea huko. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia 2022 hazina kabisa nafasi ya kadi. Ukitaka kulitohoa neno hili kwa sauti zetu utapata "isimu", na isimu, elimu ya lugha, ndiyo taaluma inayonilisha, kwa hiyo naomba isiguswe. Andika "laini isiyo na kadi" mara ya kwanza, kisha eSIM kama jina. Kitenzi nacho kibadilike: laini ya kadi huchomekwa na kuchomolewa, laini isiyo na kadi hupakuliwa na kufutwa. "Kuweka laini" kunafaa kwa zote mbili.

Nije kwenye "simu imeingia maji." Si kosa hata kidogo. Kiswahili huruhusu mahali au chombo kishike nafasi ya mtenda, na kile kinachoingia kifuate kitenzi: mtumbwi unaingia maji, nyumba imeingia nyoka, macho yamejaa machozi. Anayekusahihisha useme "maji yameingia simuni" anafikiri kwa sarufi ya lugha nyingine. Sentensi yake nayo ni sahihi, lakini habari yake ni ya maji. Ya kwanza habari yake ni ya simu na madhara yaliyoipata, na ndiyo mteja anayoileta kwa fundi. Muundo huo huo ndio unaotupa "simu imeisha chaji."

Palipo na kosa ni kwenye kuahidi. Ukisema simu yenye alama ya IP68 ni "isiyoingia maji", umeahidi zaidi ya alama yenyewe. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji: 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kina au muda unaozidi hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji. Majaribio hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Lamu anayetaka kupiga picha baharini asije akakushika shati. Neno linalokaa ni "inayohimili maji", likifuatwa na kiasi: inahimili kuzamishwa mita 1 na nusu kwa dakika 30, kama ndivyo karatasi yake inavyosema.

Kwenye chaji, yasikilize ya mtaani, yamekamilika kuliko ya vitabuni. Simu "inakula chaji", "inakaa na chaji siku 2", "haiingizi chaji", "haina chaji." Kila moja ni dalili tofauti. Isiyoingiza chaji ina hitilafu kwenye tundu, waya au chaja. Inayokula chaji ina programu zinazofanya kazi kichinichini au betri iliyochoka. Ukiyakusanya yote ukaandika "tatizo la betri" umemnyima msomaji taarifa. "Simu inachaji" ni simu inayopokea umeme. Kwa zile zinazoweza kuupitisha umeme kwenda kwenye simu nyingine, andika "inayogawa chaji", la sivyo hutaeleweka. Na wati si mAh: wati 65 ni kasi ya chaja, mAh 5000 ni ujazo wa betri. "Betri ya wati 65" ni kosa la lugha na la umeme kwa pamoja.

Majina sasa, kwa haraka. Kava huenda ngeli ya li-ya: kava la simu, makava ya simu. Chaja, betri, skrini, protekta na pawabenki huenda i-zi, kwa hiyo chaja yangu, chaja zangu. "Machaja" ni ya dukani, yaache dukani. Pawabenki usiifanye "benki ya nguvu", watu watauliza riba. Programu inabeba kila kitu, na ukihitaji kuitenga na mfumo endeshi, aplikesheni ipo. Kompyuta bapa ni kishikwambi, neno lililokuwa likichekwa hadi Sensa ya Tanzania ya 2022, pale makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Kuhusu kile ambacho kwenye matangazo ya Kiingereza ni neno moja tu, "feature", sisi tuna zaidi ya moja, na ni faida yetu. Ujazo wa betri ni sifa. Kamera ni sehemu. Kupiga picha gizani ni uwezo. Kitufe kwenye menyu kinachowasha uwezo huo ni kipengele. Ukiita vyote "vipengele", aya yako itakuwa kama mkataba wa pango.

Na AI je, ni akili mnemba au akili bandia? Zote zinatumika. Katika habari za simu mimi nachagua mnemba kwa sababu ya kazi. Kwenye soko hili bandia tayari ni neno la lawama: chaja bandia, betri bandia, simu bandia. Ukiandika "simu yenye akili bandia na betri halisi" hujui umesifu au umeshtaki.

La mwisho hukuliuliza, lakini linawahusu wote wanaoandika kuhusu simu zinazotarajiwa: wengi huandika "simu itayotoka Septemba." Kirejeshi cha njeo ijayo huvaa -taka-: itakayotoka, zitakazokuja, kitakachobadilika. Njia fupi isiyo na njeo ni zijazo: simu zijazo, toleo lijalo. Na kwa kuwa unaandika kuhusu vitu ambavyo havijatoka, pima uhakika wako. "Itakuwa na betri ya mAh 6000" ni kauli ya aliyetangaziwa na kampuni. Kama ni fununu, "inasemekana itakuwa na." Kama ni makisio yako mwenyewe, "huenda ikaja na", kwa -ka-, si "huenda itakuja na."