Ombi la pili la dhamana: usimkimbie jaji wa kwanza

Kaka yangu alikamatwa na wenzake wawili, jalada moja la polisi, na mimi ndo nilikuwa wa kukimbizana na mafaili. Ombi la kwanza la dhamana likagonga mwamba. Tukiwa bado pale kwenye korido jamaa mmoja akaninong'oneza, yule jaji ni mgumu, andikeni jipya litaangukia kwa mwingine, na lile la zamani msilitaje kabisa. Nikaona huyu ndo anajua njia, na wakili wetu naye akakubali (nahisi alishachoka na simu zangu).

Siku ya kusikilizwa jaji mpya akafungua faili, akasoma kama dakika mbili hivi, akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye namba ya jalada. Hata macho hakuinua: "Hili halijafika kwa mwenzangu?" Wakili akageuka kuniangalia mimi, utadhani mimi ndo nimevaa joho! Ombi likatupwa, faili likarudi masijala, likapangiwa yuleyule tuliyemkimbia, kaka akaongeza wiki tano rumande za bure kabisa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kama mwanafunzi wa sheria, na waliolichambua jambo hili hadi likaeleweka ni Wahindi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya India, kesi ya Shahzad Hasan Khan, ilisema ombi la kurudia liende kwa jaji aliyetoa amri ya mwanzo kama bado yupo, ili watu wasichague jaji kama wanachagua nyanya. Halafu kuna suala la washtakiwa wa jalada moja kupelekwa kwa majaji tofauti, huyu anatoka mwingine anabaki ndani kwa tuhuma zilezile. Mwaka 2023, kesi ya Pradhani Jani iliyotoka jimbo la Odisha, mahakama hiyo ikataka maombi ya jalada moja yawekwe mbele ya jaji mmoja. Ila majaji huhamishwa zamu bana, na kumsubiri mmoja kunamtesa mtu aliyeko ndani, kwa hiyo 2025 wakalegeza kidogo: zamu ikibadilika jaji mpya anaweza kusikiliza, ila aupe uzito mtazamo wa aliyemtangulia. Mimi naona hapo ndo wamepatia.

Lakini kilichonichoma ni kesi ya Kusha Duruka, hukohuko India, Januari 2024. Jamaa aliomba dhamana Mahakama Kuu huku ombi lake lingine bado liko Mahakama ya Juu, akanyamaza, na akapigwa gharama za rupia 10,000. Mahakama ikasema kila ombi liandike yote yaliyotangulia, yaliyoamuliwa na yanayosubiri, na masijala nayo iambatanishe ripoti ya mfumo kuhusu maombi ya kesi hiyo. Yaani hata ukificha kompyuta inakuumbua.

Sasa wewe uliye kwenye hili jambo leo, cha kwanza mwambie wakili wako kila kitu, hata lile ombi lililoondolewa kabla ya kusikilizwa, maana hayo ndo husahaulika. Pili usirudi kwa jaji na maneno yaleyale ukitegemea siku hiyo ameamka vizuri, lazima kuwe na jipya: upelelezi umekwisha, shahidi muhimu ameshatoa ushahidi, kesi inasuasua miezi na miezi, mtu anaumwa na vyeti vipo. Na kama mwenzake ndugu yako wa jalada moja ameshapewa dhamana, fuatilia nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, mimi hiyo niliifuata masijala mara nne. Ila usijidanganye kwamba mwenzake akitoka na wako anatoka, jaji anaangalia nani anadaiwa kufanya nini, anayedaiwa kushika panga na anayedaiwa kusimama mlangoni si sawa.

Ombi la tatu tulibandika mbele karatasi moja tu: tarehe, namba ya ombi, jaji, matokeo, mistari mitatu, pamoja na ile aibu yetu ya kuficha. Likaenda kwa yuleyule "mgumu". Akaisoma ile karatasi, akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi na nakala ya amri ya mwenzake, yule akasema hana. Saa tisa alasiri nilikuwa dirisha la karani nawatafutia wadhamini kalamu.